Bamia Walizoziita Nyota

Somoe mwanangu,

Salamu sikuletei, maana uko chumba cha pili na nakusikia unapigana na zipu ya begi. Shangazi yako anakwambia toa viatu, wewe unasema viatu haviguswi. Hali yangu unaijua, tumetoka kula sasa hivi. Barua hii nitaiweka begini mwako chini ya mashuka, uikute ukishafika chuoni Dodoma, ukianza kutandika kitanda.

Mambo ya kufunga mlango, kutunza simu na kuchagua marafiki sitayaandika. Shangazi yako ameyasema wiki nzima na mengine kayarudia. Mimi nina jambo moja. Jana ulipokuja dukani kuniletea chakula nilitaka kulisema. Nikafungua mdomo, nikakuuliza kama umechukua chaja. Ukaniambia, "Baba, kwani hiyo chaja ina nini? Kila saa chaja." Basi ujue siku zote hizo sikuwa naulizia chaja.

Nalisema mapema ili usisome huku unatafuta. Ile kanga ya nyota, ya pinki na nyeusi, iliyovaliwa sana mwaka ule, ni mchoro wako. Hukuiga popote. Niliuchukua mimi, nikasema ni wangu, na uliponiuliza nikakudanganya.

Nilidhani nikishaandika hapo nitalia. Hakuna kitu. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu, unajua ni wako lakini ukiufinya hausikii. Wacha niendelee hivyohivyo.

Nianzie kwa mama yako, Mungu amrehemu, maana bila yeye hutaelewa kwa nini mtu mzima aibe karatasi ya mwanawe. Mtaa mzima wa kanga hapa Kariakoo wanasema Hamisi ana jicho. Hamisi akisema kanga hii itatoka, inatoka. Jicho lile halikuwa langu. Mimi nilitoka Lindi nikiwa na darasa la saba na mikono miwili, nikaajiriwa kwenye duka la kanga, na kwa muda mrefu kanga kwangu ilikuwa rangi na jina basi. Nyekundu hii, ya bluu ile, imeandikwa hivi. Nakunja, nakunjua.

Siku moja kaja msichana, kafungua doti pale mezani, kaishika huku na huku, kairudisha.

"We kaka, nipe nyingine. Hii imekufa kona."

"Kona inakufaje, dada? Kanga siyo kuku."

"Sogea uone. Pindo linakuja vizuri huku, likifika kwenye kona linakatwa kama mkia wa mjusi. Upande wa pili linaanza upya kama halijui lilikotoka. Aliyechora alikuwa na njaa."

"Sasa nani anaangalia kona? Watu wanasoma jina."

"Mimi naangalia."

"Basi we hutaolewa, utakuwa unakagua kona tu."

Akacheka, akaondoka bila kununua. Nikabaki nimechukia. Lakini jioni wakati wa kufunga duka nikaanza kufungua doti moja moja, naangalia kona. Somoe, nyingi zilikuwa zimekufa. Nilikuwa nimeziuza miaka yote ile na sikuwahi kuona. Nikatafuta yenye kona nzima, nikaificha chini ya meza mpaka aliporudi. Akaigeuza kwanza, akaangalia nyuma. Akasema kanga nzuri haina mgongo, rangi inatakiwa ipite hadi upande wa pili, usijue ipi mbele ipi nyuma. Halafu akaangalia kona. Halafu ndiyo akaniangalia mimi.

Tulipofungua duka letu, yeye ndiye aliyekuwa anachagua. Msambazaji analeta michoro, mimi naikunjua mbele yake kama mwanafunzi. Alikuwa anasema kanga haikai mezani, inatembea. Mchoraji mbovu anachora kwa ajili ya karatasi. Anasahau kwamba ule mji wa katikati utakaa kwenye nyonga ya mtu, na pindo la chini litakuwa linapigwa na kisigino. Anajaza maua mpaka hakuna pa kupumua, mtu akijifunga anaonekana kama amebeba gunia la magimbi. Mimi nilikuwa nachukua maneno yake hayahaya nawaambia wateja, na wateja wanasema, ehee, Hamisi ana jicho. Yeye yuko pale pale anakunja doti. Sikuona kama ni kosa. Nilikuwa naona ni mambo ya mume na mke, chako changu.

Kumbe mazoea yale ndiyo yalinifundisha. Kilichotokea kwako kilianzia hapo.

Sasa nikukumbushe kitu ambacho labda hukikumbuki, ulikuwa mdogo sana. Tulikuwa bado tunakaa ile nyumba ya mtaa wa Gerezani, vyumba viwili, ukumbi wa pamoja na wapangaji wengine. Mama yako alikuwa anakata bamia mlangoni, bakuli liko mapajani. Wewe ukaokota vipande, ukavichovya kwenye masizi ya sufuria, ukavigonga ukutani. Tap, tap, tap. Ukuta wote wa ukumbi, kuanzia mlangoni kwetu mpaka bafuni, kwa urefu wa mkono wako. Vile bamia ilivyo ukiikata, ina pembe tano na vitundu vya mbegu, ikigongwa na masizi inatoa kitu kama ua. Mwenye nyumba alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Mama Somoe, huyu mtoto ananiharibia nyumba! Njoo uone ukuta!"

Mama yako akaja na kisu mkononi. Akaangalia. Akaangalia tena. Akasema, "Mzee, samahani, nitafuta. Lakini hebu ona alivyopanga. Ameruka nafasi sawasawa." Mwenye nyumba akasema nafasi sawasawa nitakula? Ukuta ukapakwa chokaa.

Mimi nilikuwepo. Niliona. Hapo ulikuwa hujaanza hata chekechea, na ndani ya duka langu hakukuwa na kanga yoyote ya bamia. Hata sasa haipo. Kwa hiyo siku niliyokwambia uliiga, nilikuwa najua kabisa kwamba huwezi kuwa umeiga. Sikupitiwa, na sikuchanganya michoro. Nilikuwa nakumbuka ule ukuta wakati nasema.

Mama yako alipofariki, unajua wewe tulivyokuwa. Ulikuwa unarudi shule unakaa mezani, unachora, huongei. Mimi nilikuwa narudi dukani nakaa kitandani, siongei. Shangazi yako akahamia kwetu ili walau kuwe na mtu anayepiga kelele. Na dukani watu wakaanza kunong'ona. Nikachagua mzigo wa kwanza peke yangu, ukalala. Nikachagua wa pili, ukalala. Kuna mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi alifungua doti, akaikunja taratibu, akaniambia, "Baba Somoe, pole sana." Nikaitikia asante. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba alikuwa ananipa pole ya ile kanga.

Ndiyo Dula akaja. Dula ni yule kijana wa kupeleka michoro kiwandani, mwembamba, mwenye kofia. Siku hiyo sikufungua duka, kanifuata nyumbani.

"Boss, sikukuu inakuja. Wenzako wote wameshanipa michoro. We vipi, umekausha?"

Nikamwambia sina. Akawa anaangalia mezani. Pale mezani palikuwa na karatasi zako, zile za daftari la hesabu ulizounga kwa gundi mpaka zikawa kubwa kama kanga ndogo. Ulikuwa shule.

"Hii je? Kachora nani? Hii kali, boss. Hii kali mno."

Nikaangalia. Nilikuwa nimepita hapo mezani wiki nzima na sikuwa nimeangalia. Ulikuwa umechora bamia. Katikati kipande kimoja kikubwa kilichokatwa, pembe tano, na ndani ya kila kitundu mbegu ndogo ya duara. Kukizunguka vipande vidogo, umeviacha mbalimbali, na ule weupe wa karatasi ukauacha kama ulivyo, hukuujaza. Pindo lake bamia nzima, zimelala moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii inagusa kikonyo cha ile, kama watu wanaofuatana kwenye foleni. Na kwenye kona, Somoe, kwenye kona hukuikata. Uliipinda. Bamia ya kona ilikuwa imejikunja kama zile zilizokomaa vibaya mtini, ncha yake ikageukia upande wa pili, na foleni ikaendelea. Kona zote nne. Rangi umeweka tatu tu, kijani cha majani, kahawia na nyeupe. Pa kuandika jina ulipaacha wazi.

Nimeishi na kanga maisha yangu yote na sijawahi kuona kona imepita vile. Nilisimama pale nikawaza, mama yake angeiona hii. Halafu Dula akarudia, "Kachora nani?"

Nikasema, "Mimi."

Yani hata sikufikiri. Lilitoka kama mtu akikuuliza jina lako. Dula akanipiga bega, akasema, "Sasa hapa umerudi, boss. Walikuwa wanasema jicho limezikwa na marehemu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikijiambia nilifanya kwa sababu biashara ilikuwa mbaya na ada yako ilikuwa inahitajika. Siyo kweli. Ningeweza kumwambia kachora binti yangu, mzigo ungetoka vilevile. Mimi nilitaka lile kofi la begani.

Nikapiga picha kwa simu, nikamtumia. Nikajiambia Somoe akirudi nitamwambia. Ukarudi, ukala, ukalala.

Sampuli ilipokuja ilikuwa imeharibiwa. Kiwandani walibana pindo ili mji uwe mkubwa, kwa hiyo zile bamia zako za kona zikakatwa katikati. Kijani wameweka pinki. Kahawia wameweka nyeusi, na nyeusi haikukaa vizuri juu ya pinki, pembeni mwa kila kipande kukawa na ukingo mweupe kama jicho la mgonjwa. Na ule weupe wako walioukuta wazi wakaujazia vidoti. Niliishika ile sampuli nikaona kila kosa, moja moja, kwa macho ya mama yako. Dula akasema foleni ni ndefu kiwandani, ukikataa utangoja mpaka sikukuu ipite. Nikasema sawa. Hata jina nilichagua palepale nikiwa nimesimama, jambo la nyota na giza, kwa sababu Dula alisema zile ni nyota na mimi sikumbishia.

Ikatoka. Ilinunuliwa vibaya mno. Wanawake wa Mbagala, wa Temeke, wanatuma watu wanataka ya nyota. Mimi nikawa natembea mtaani nasalimiwa.

Halafu ndiyo ile harusi ya jirani. Ulienda na shangazi yako. Wenye shughuli walikuwa wamevaa sare ya nyota, wote, mstari mzima wanaingia wanacheza. Shangazi yako alinihadithia usiku ule kama kichekesho, kwamba Somoe alisimama katikati ya watu na sahani ya pilau, mpaka akasukumwa.

Kesho yake ukaja dukani na sare za shule. Palikuwa na wateja wawili na shangazi yako amekaa kwenye robota anachambua kucha.

"Baba, zile ni bamia zangu."

"Bamia gani?"

"Za kwenye kanga ya nyota. Nilizichora mimi. Ile karatasi iliyokuwa mezani."

"Zile ni nyota, mwanangu. Nyota ziko kwenye kanga tangu zamani. Wewe umekulia humu dukani, utakuwa uliona sampuli ikakukaa kichwani bila kujua. Hutokea."

Shangazi yako akaangua kicheko. "Loo! Mtoto kakopi, halafu anamdai mwenye mali! Mama msanii, kesho utatuambia na kanga za bibi yako ulichora wewe." Na wale wateja wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Ni utani wa dukani tu.

Nilitegemea utabisha. Nilikuwa nimejiandaa, ukibisha nitakasirika, nitakwambia adabu. Ungebisha labda ningeshindwa. Wewe ukaangalia ile kanga iliyoning'inia, ukasema, "Labda."

Ukaenda kukaa nyuma kufanya kazi za shule.

Lile neno ndilo ninalolisikia. Nimesikia matusi mengi Kariakoo, hakuna linalokaa kama hilo. Maana mtu akikuibia kitu unajua umeibiwa. Mimi nilikufanya uamini kwamba hukuwa nacho. Zile karatasi ulitandika kwenye rafu ya vyombo, mafuta yakazila. Hukuchora tena. Na mwaka jana wakati wa kuchagua masomo, shangazi yako akauliza mbona huendi kwenye mambo ya michoro, ulikuwa unapenda. Ukajibu hivihivi, huku unakula, "Mimi sina jicho, shangazi. Mimi nikiona kitu nakikopi bila kujua." Nikasema uhasibu ni mzuri. Nikaendelea kumega ugali.

Uhasibu si mbaya, sikuambii uache. Nakwambia tu ule uamuzi uliufanya ukiwa umeshika ushahidi wa uongo, na aliyekupa ni mimi. Ukishajua, utaamua tena au hutaamua, ni juu yako.

Kwa nini leo? Dula karudi. Kaja wiki hii, ile kanga bado inaulizwa, anataka tuirudie kwa sikukuu. Nikakuta nataka kusema sawa. Ndiyo kilichonitisha, kwamba baada ya yote haya lile "sawa" bado lipo palepale mdomoni. Nikamwambia ule mchoro si wangu, ni wa Somoe. Kacheka, kadhani natania. Nikarudia mpaka akavua kofia. Kisha nikamwita shangazi yako kutoka nyuma, nikarudia mbele yake na mbele ya wateja waliokuwepo. Kuna aliyesema "astaghfirullah" akaondoka na doti yake bila kungoja chenji. Shangazi yako unamjua alivyo na maneno. Siku hiyo alisema tu, "Na mimi nilimcheka." Basi. Akafunga mkoba akaenda nyumbani. Ndiyo maana siku hizi anakuita "mama" kila sentensi na anakupa minofu, ukamuuliza shangazi unaumwa? Haumwi. Alitaka kukuomba radhi juzi, nikamzuia, nikamwambia mimi kwanza. Kumbe mimi kwanza ndiyo hivi, kwa karatasi, ukiwa mbali. Huo nao ni woga. Nimeuona.

Dula hatachapa. Nimempa namba yako, na yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, nikamwambia asipige mpaka utakapompigia wewe. Ukisema isichapwe, haichapwi, na hata zilizobaki dukani nimeziondoa pale mbele. Ukisema ichapwe, basi iwe bamia, kijani chake, weupe wake, na kona zake nne. Na jina uandike wewe ulilotaka kuandika. Mimi sitatia neno. Ile picha niliyopiga siku ile bado ninayo, nimeihamisha kila nilipobadilisha simu, sijui kwa nini, sikuwa naiangalia. Leo nimeiangalia. Nitakutumia ukitaka. Sitaki ikukute ghafla.

Msamaha siuombi humu. Barua inakufanya uone kama unatakiwa kujibu, na mimi sitaki jibu la kulazimishwa. Ukikaa kimya nitaelewa. Ukipiga ukinisema, nitasikiliza mpaka mwisho, sitakwambia adabu.

Zipu imefunga, nimesikia. Umeshinda, viatu vimeingia. Sasa unacheka na shangazi yako huko, na mimi inabidi ninyanyuke nije kuuliza kama begi zito, ili nipate kulishika na kuiweka barua hii.

Kesho alfajiri utatoka umefunga kitambaa, utanikuta kwenye kiti pale ukumbini, utapiga goti kidogo kama unavyofanya tangu mtoto, useme, "Shikamoo, baba." Nitaitikia marahaba. Utakuwa hujasoma bado. Hiyo itakuwa shikamoo ya mwisho ninayokuibia.

Baba yako,
Hamisi